Mji Unapata Wapi Pesa ya Kujengea Watu Nyumba?



Katika somo la uraia tulifundishwa kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kila raia. Mmoja wetu akanyosha mkono, akauliza: "Kodi hiyo, je, inaweza kumjengea maskini nyumba?" Kalasi nzima ikacheka. Lakini tulipotoka nje tuliona kwamba ulizo lile si la kuchekwa. Basi tumelichunguza, na hapa tunawaletea tuliyopata.

Huku kwetu Lusangi, nyumba ni kazi ya mtu na jamaa yake. Anaonyeshwa mahali, anafyatua matofali, anakata miti na majani, ndugu wanamsaidia siku mbili tatu, na mvua inapoanza amekwisha kuingia ndani. Mjini sivyo. Kule Kindu, Bukavu au Kinshasa kiwanja kinanunuliwa, maji yananunuliwa, hata mchanga unanunuliwa. Asiye na kitu anapanga chumba. Na mwenye nyumba, kabla ya kutoa ufunguo, anataka garanti ya miezi mingi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, lakini mara nyingi watu wanaombwa zaidi. Wengi wetu tutakwenda mijini baada ya diploma. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

1. Nyumba ni vitu vinne

Mtu akisema "nyumba," sisi tunafikiri kuta na mabati. Lakini mji unapopanga budje, ndiyo makadirio ya pesa, unahesabu vitu vinne:

a) Kiwanja. Katika nchi yetu, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo mji ukitaka kujenga hauanzi na matofali. Unaanza na kutafuta udongo usio na ugomvi.

b) Kazi za chini: barabara, mifereji ya maji ya mvua, mabomba, vyoo. Hizi hazionekani kwenye picha, lakini zinakula pesa nyingi.

c) Nyumba yenyewe.

d) Riba ya mkopo. Hii ndiyo watu wanaisahau.

2. Tufanye hesabu

Chukueni kalamu. Hesabu hii ni mfano wetu tu, si ya mji fulani.

Tuseme kiwanja pamoja na kazi za chini ni dola 2,000, na nyumba ni dola 4,000. Jumla 6,000. Mwenye nyumba atalipa kwa miaka 20, ndiyo miezi 240. Bila riba yoyote, 6,000 tukigawanya kwa 240 tunapata dola 25 kila mwezi. Lakini tuseme mchuuzi wa sokoni anaweza kulipa dola 15 tu, kwa sababu watoto wanakula na wanasoma. Mara 240, ni 3,600. Zimepungua 2,400. Kwa jamaa 100, zimepungua 240,000.

Sasa mji ufanye nini? Kuna njia tatu. Ya kwanza, mji ulipe yote iliyopungua. Ni vizuri kwa jamaa 100, lakini jamaa wa 101 atakuta sanduku tupu. Ya pili, mji upunguze nyumba: badala ya nyumba kamili ya 4,000, ujenge chumba kimoja na choo kwa 1,600, na mwenyewe ataongeza vyumba kadiri atakavyopata. Basi 2,000 na 1,600 ni 3,600. Hesabu imeingia sawasawa!

Lakini ngojeni. Kama pesa hiyo ya 3,600 imekopwa benki kwa riba ya 6 kwa 100 kila mwaka, malipo ya mwezi hayabaki 15. Yanapanda karibu dola 26. Kumbe riba peke yake inaweza kumfukuza maskini nyumbani kabla hajaingia! Kwa hiyo njia ya tatu ni hii: pesa ya watu wote isinunue matofali, bali iondoe riba. 

Tena kuna jambo la mfuko unaozunguka. Jamaa 100 wakilipa dola 15 kila mwezi, kwa mwaka ni 18,000. Hizo zinatosha kujenga nyumba tano nyingine za 3,600. Lakini jamaa 30 wakikataa kulipa, zinaingia 12,600 tu: nyumba tatu na nusu. Nusu ya nyumba hailali mtu. Ndiyo maana asiyelipa deni lake haibii Serikali. Anamwibia jirani anayengoja zamu.

3. Yaliyofanywa katika nchi yetu

Wabeljiji waliona miji inajaa baada ya vita vya 1940-1945. Mwaka wa 1952 iliwekwa Office des Cités Africaines, ambayo watu waliiita OCA. Pesa yake ilitoka kwa serikali ya koloni, katika mpango wa miaka kumi wa 1949-1959. Ilijenga makumi ya maelfu ya nyumba. Kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, yalitokea makao ya Bandalungwa, Matete, Lemba na Ndjili. Kule Usumbura, ndiyo Bujumbura, ilijenga Ngagara. Ilipima barabara, ikaacha nafasi ya shule na soko. Vile vile palikuwa na Fonds d'Avances, mfuko wa kuwakopesha watu pesa wajenge wenyewe. Na baada ya safari ya mfalme Baudouin mwaka wa 1955 likatokea Fonds du Roi, la kuwasaidia wale ambao mshahara wao haukufikia.

Tuseme kweli yote. Nyumba zile nyingi ni imara mpaka leo. Lakini OCA iliwapa zaidi wenye mshahara wa kila mwezi, kwa sababu hao ndio waliweza kukatwa deni. Na wenyeji wa mji hawakuulizwa. Mambo yote yaliamuliwa juu, na wakoloni walitaka pia kutenga makao ya Waafrika na ya Wazungu.

Baada ya uhuru wa 1960 watu waliingia Kinshasa kwa wingi, na Serikali haikuweza kuwafuata na mabomba wala mifereji. Office National du Logement ilirithi kazi ya OCA, lakini pesa ilikuwa kidogo. Watu wakajijengea wenyewe kwenye vilima vya kusini. Hawakukosa akili wala nguvu: nyumba zilisimama. Kilichokosa ni kile kitu cha pili, kazi za chini. Maji ya mvua hayakuwa na njia, yakajitafutia njia. Leo korongo kubwa zinakula nyumba kule Selembao, Kisenso na Mont-Ngafula. Mtu aliyejenga kwa jasho la miaka kumi anaweza kupoteza yote usiku mmoja. Pesa ya mfereji iliyokosa jana inalipwa leo kwa roho za watu.

4. Majirani wetu Kenya

Mwaka wa 1975 baraza la mji wa Nairobi na serikali ya Kenya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walianza kazi ya Dandora. Waliandaa viwanja 6,000. Hawakujenga nyumba kamili. Kila kiwanja kilipata maji na choo, na vingine chumba. Mwenyewe akaongeza, tena akakopeshwa pesa ya vifaa. Ni ile njia yetu ya pili. Sehemu ndogo ya viwanja iliuzwa kwa bei ya soko ili faida iwasaidie maskini.

Je, ilifaulu? Nyumba zilijengwa, na watu wengi sana wakapata mahali pa kulala. Lakini wengi waliopewa viwanja walipangisha vyumba, wakaenda kukaa kwenye chumba cha bei ndogo mahali pengine. Wengine wanalaumu jambo hilo. Sisi katika kalasi tulibishana sana. Mmoja alisema: "Alipewa nyumba akae, siyo afanye biashara." Mwingine akajibu: "Mama akipata kodi ya vyumba vitatu akasomesha watoto, ubaya uko wapi?" Hatukumaliza. Fikirini ninyi.

Siku hizi Kenya imechukua njia nyingine. Kwa sheria ya nyumba za bei nafuu ya Machi 2024, mfanyakazi anakatwa 1.5 kwa 100 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 anatoa 300, na mwajiri wake 300. Pesa hiyo inaingia katika mfuko wa nyumba. Sheria ilitenga watu kwa mapato: wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, wanaopata kati ya 20,000 na 149,000, na wanaopita hapo.

Lakini haikupita bila ugomvi. Kodi hiyo ilipoanza mwaka wa 2023, watu walikwenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ilivunja katiba, na sababu moja ni kwamba iliwabebesha mzigo wenye ajira ya mshahara peke yao. Serikali ikaandika sheria mpya inayogusa na mapato ya wengine. Sisi tunaona hapo fundisho kubwa: raia walikubali au walikataa, lakini walijua ni kiasi gani kinachokatwa, na walikuwa na mahali pa kuuliza.

5. Na sisi je?

Katiba yetu ya 2006, katika sehemu ya 48, inatambua haki ya raia ya kukaa katika nyumba inayofaa, pamoja na maji safi na umeme. Ni neno zuri. Lakini haki iliyoandikwa bila budje ni kama mlango bila nyumba. Kwa sheria ya Oktoba 2008, mji, komini, sekta na usultani ni vyombo vyenye budje yao, siyo Kinshasa peke yake. Kwa hiyo kuna mahali pa karibu pa kuuliza.

Tukikua, wengine wetu watakuwa makarani wa komini, wengine wapima udongo, wengine washauri, wengine wapangaji tu. Tukiletewa mpango wa nyumba, tuulize mambo haya matano kabla ya kupiga makofi:

- Pesa inatoka wapi: kodi, mkopo, au msaada? Na mkopo utalipwa na nani?
- Mifereji na maji vimehesabiwa, au ni kuta tu?
- Malipo ya mwezi ni kiasi gani, na mchuuzi wa sokoni anaweza?
- Nani anachagua watakaopewa, na orodha inabandikwa wapi ili wote waione?
- Pesa ikirudi, itajenga nyingine, au itapotea?

Mwokozi wetu mwenyewe alitumia mfano wa mtu atakaye kujenga. Someni Luka 14:28-30. Kuhesabu gharama siyo kukosa imani. Ni heshima kwa yule atakayelala ndani.

Maulizo ya kujaribu

1. Taja vitu vinne vya gharama ya nyumba mjini. Kipi kinasahauliwa sana, na kwa nini?
2. Jamaa 60 wanalipa dola 15 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja mfuko unaweza kujenga nyumba ngapi za dola 3,600? (Jibu: nyumba tatu. Onyesha njia.)
3. Korongo za Kinshasa zinatufundisha nini juu ya kupanga budje?
4. Aliyepewa kiwanja Dandora akapangisha vyumba, alikosa au hakukosa? Toa sababu mbili.
5. Waulize wazazi: kama sekta yetu ingepata pesa leo, ianze na kisima, barabara, au nyumba ya mjane? Andika majibu yao, ulete kalasini.