Bamia Katika Nyumba ya Vioo

Wapo ndugu zetu waliohamia Uingereza ambao hawakukubali kuachana na bamia na mchicha. Kwa kuwa baridi ya kule huua mimea hiyo, huipanda ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya nyumba. Lakini nchi yenyewe nayo inazidi kupata joto. Tarehe 19 Julai 2022, huko Coningsby, kipimo kilifika nyuzi 40.3 za Selsiasi, joto ambalo Uingereza ilikuwa haijawahi kulipima. Bamia hupenda joto, je, anayeichuma?

Mwanga wa jua hupita kwenye kioo ukapasha udongo, nao udongo hupasha hewa. Hewa hiyo haina pa kutokea, hivyo ndani huwa na joto kuliko nje. Tena unyevu wa kumwagilia huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Wazee, mama wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo huathirika upesi.

Dalili za kwanza ni kiu kali, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mtoe mgonjwa, mlaze kivulini, inua miguu yake, mpunguzie nguo, mlowanishe maji na kumpepea. Mpe maji anywe kidogo kidogo. Asipopata nafuu kwa nusu saa, apelekwe hospitali. Akianza kuweweseka au akizimia, msingoje hata hiyo nusu saa, wala msimnyweshe kitu aliyezimia. Endeleeni kumpoza njiani.

Yafaa kufungua milango na madirisha ya kibanda tangu alfajiri, na kupaka vioo chokaa nyepesi wakati wa kiangazi. Kazi ifanywe asubuhi mapema au jioni. Jua la Julai kule huzama kama saa tatu usiku, basi haraka ya nini?

Wenzetu wa hapa wanaolima nyanya katika mabanda ya nailoni wasidhani hayawahusu. Nailoni hufungia joto vilevile.

Wakati wa baridi hatari ni nyingine. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa au la mafuta ya taa ili mimea isife, kisha hufunga kila upenyo. Jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlegeza mtu kwa usingizi hadi kufa. Ukiingia asubuhi ukakuta jiko bado linawaka, acha mlango wazi na ukae nje kwanza.