Pesa za Kaunti: Tuulize Mapema, Si Baada ya Kutozwa



Katika mkutano wa kikundi kimoja hapa Mowlem, mama anayeuza mboga alifungua fundo la leso yake, akatoa kikaratasi na kukiweka mezani. Alikuwa amelipa shilingi 500 kwa mtu aliyejiita mkusanya ushuru. Juma lililofuata alikuja mwingine, akamwambia kikaratasi kile si kitu, alipe tena. Mama akatuuliza, "Sasa hawa ni akina nani, na pesa yangu imeenda wapi?"

Hata sisi tuliokwenda kufundisha tulinyamaza. Ndiyo maana tumeandaa somo hili. Lisomeni polepole, na asiyejua kusoma asomewe.

1. Nani ni nani

Bado tunasema "kanjo", neno tulilorithi kutoka enzi za Halmashauri ya Jiji. Halmashauri hiyo haipo tena. Kwa Katiba ya mwaka 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Kenya ina kaunti 47. Nairobi ni kaunti moja yenye wadi 85. Wadi yetu ya Mowlem iko Embakasi Magharibi, pamoja na Umoja I, Umoja II na Kariobangi Kusini.

Tusichanganye watu. Chifu ni wa serikali ya kitaifa. Msimamizi wa wadi ni mfanyakazi wa kaunti. MCA si mfanyakazi wa gavana: sisi ndio tumemtuma katika bunge la kaunti atunge sheria na kuchunguza kazi ya gavana.

2. Pesa hutoka wapi

Fungu moja hutoka serikali ya kitaifa. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kila mwaka. Fungu la pili kaunti hujikusanyia yenyewe: kodi ya ardhi, ada za kuegesha magari, leseni za biashara, ushuru wa soko na mabango ya matangazo. Kodi ya mapato na VAT si za kaunti, ni za serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo mama mboga akilipa ushuru wa soko, anachangia kapu lile lile linalotakiwa kuzoa takataka, kuweka taa za barabarani, kuendesha zahanati na shule za chekechea. Yeye si mwombaji pale ofisini. Ni mwenye mali.

3. Sanduku lenye kufuli

Vikundi vingi huweka akiba katika sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Mweka hazina hawezi kulifungua peke yake. Kaunti nayo imewekewa utaratibu wa namna hiyo. Mapato yake yanatakiwa kuingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Ili pesa zitoke, lazima kuwe na sheria iliyoruhusu matumizi hayo, kama ile ya bajeti inayopitishwa na bunge la kaunti. Kisha Mdhibiti wa Bajeti, ambaye si mtu wa gavana, aidhinishe. Mwaka ukiisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupitia vitabu, naye amepewa miezi sita kutoa ripoti.

Lakini kufuli hailindi kitu ambacho hakikufika sandukuni. Pesa ya mama yule iliishia mfukoni mwa mtu.

4. Ukidaiwa ada, uliza maswali matatu

Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Basi uliza kwa heshima:

(a) Ni sheria gani, na ada hii imeandikwa wapi?

(b) Ni kiasi gani kwa biashara ya ukubwa wangu?

(c) Nalipa kwa njia gani rasmi ya simu au benki, na risiti yenye namba iko wapi?

Asiyeweza kujibu usimpe pesa mkononi. Kikundi kiende pamoja ofisi ya wadi kuuliza. Mtu mmoja hutishwa upesi, lakini watu kumi husikilizwa. Raia anaweza pia kuandika barua kuomba habari. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.

5. Wakati wa kusema

Wengi wetu huamka siku ya kutozwa, na saa hiyo mambo yameshapita. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wekeni tarehe hizi katika kitabu cha kikundi:

- 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni.
- 28 Februari: mwelekeo wa matumizi hufikishwa bungeni.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni.
- Siku 90 baada ya bajeti kupitishwa: Mswada wa Fedha uwe umepitishwa. Humu ndimo ada zetu hupangwa.

Kushirikishwa si hisani. Jirani zetu wa Kiambu walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ilianguka.

6. Kura

Kaunti haiendeshi uchaguzi. Kazi hiyo ni ya IEBC, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa tarehe 9 Agosti, na wa 2027 ni tarehe 10 Agosti. Mpiga kura hupewa karatasi sita. Tunabishana sana juu ya ile ya rais, kisha ya MCA tunaitia alama mbio mbio. Lakini MCA ndiye anayeinua mkono ada ya kibanda chako inapopitishwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu aliyelipa ada mwaka huu? Walete risiti, tuzisome pamoja.
2. Ofisi ya msimamizi wa wadi iko wapi? Nani amewahi kuingia?
3. Tukipewa dakika tano mbele ya bunge la kaunti, tutasema jambo gani moja?
4. Tuchague wawili wa kufuatilia tarehe za bajeti na kutuletea habari.

Pesa ya mama yule haikurudi. Lakini kile kikaratasi kimegundishwa ndani ya kifuniko cha kitabu cha kikundi, na kila mwanachama mpya huonyeshwa.