Sungura wa Jirani na Adabu ya Nasaha



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kamembe, wilayani Rusizi. Jirani yetu, kijana niliyesoma naye madrasa, alikuwa amewafungia sungura watano katika sanduku moja la mbao nyuma ya nyumba. Sakafu imelowa mkojo, maji hakuna, chakula ni mabaki ya ugali. Siku niliyochungulia, mmoja alikuwa amekufa.

Nikakosea. Baada ya swala ya Alasiri nilimwambia mbele ya watu, "Wewe, wanyama wale watakushitaki kwa Mungu!" Watu wakacheka. Akanijibu, "Kwani ni wa kwako?" Akaondoka. Nilisema haki, lakini kwa njia iliyomfungia mlango.

Usiku nikakumbuka hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Ukimfunga mnyama, riziki yake imekuwa amana mikononi mwako. Nikakumbuka pia, katika Abu Dawud, ngamia aliyelia mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume alianza kwa kumtuliza ngamia, kisha ndipo akamuuliza mwenyewe na kumkumbusha kumcha Mwenyezi Mungu. Mimi nilianza na kelele.

Asubuhi nilikwenda na fungu la majani. "Kaka, nisamehe kwa ya jana. Nimekuja tusaidiane." Alinyamaza kidogo, kisha akaleta nyundo. Haya ndiyo tuliyoyafanya:

1. Majani kwanza. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Asipotafuna majani yenye nyuzinyuzi, meno hurefuka na tumbo huharibika. Majani mabichi tuliyaanika kivulini yanyauke kidogo. Ya viazi vitamu ni mazuri. Ya viazi mviringo yana sumu.

2. Maji safi kila siku, katika chombo kizito asichoweza kukipindua. Jike anayenyonyesha huhitaji maji mengi zaidi.

3. Sakafu kavu. Tuliinua sanduku juu ya miguu na kuacha nafasi ndogo kati ya mbao ili kinyesi kidondoke. Uchafu wenye unyevu hueneza koksidia, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa sungura upesi.

4. Dume akae peke yake. Mimba ya sungura ni kama siku 31 tu, na jike anaweza kupandwa tena mara tu baada ya kuzaa. Asipopumzishwa, hudhoofika.

5. Usimnyanyue kwa masikio. Mshike mgongoni penye ngozi iliyolegea, na mkono mwingine ubebe makalio.

Jirani aliniuliza, "Si nitawachinja tu?" Ni kweli, nyama yake ni halali, Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikubali kuletewa nyama ya sungura. Lakini uhalali wa kumla haufuti haki yake akiwa hai.

Niliporudi chuoni, wanne walikuwa wazima, na jike mmoja alikuwa akijing'oa manyoya kifuani kutandika kiota cha wanawe.

Ndugu yangu, ukiona mnyama anateseka kwa mtu unayemjua, usinyamaze. Mwendee faraghani, na usiende mikono mitupu. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.