SOMO LA MIRATHI: MSIMAMIZI SI MWENYE MALI

Ndugu wasomaji, leo tujifunze juu ya mirathi hapa kwetu Tanzania. Mirathi ni mali na madeni aliyoyaacha marehemu. Wajane na yatima hunyang'anywa shamba kwa sababu watu hawajui maana ya neno moja: msimamizi.

Tuchukue mfano. Baba amefariki. Ameacha mke, watoto watatu, shamba la ekari 4, ng'ombe 6 na deni dukani. Je, nani ashike mali hiyo?

Kwanza, ukoo hukaa kikao na kupendekeza msimamizi. Mjane naye anaweza kupendekezwa. Si lazima awe kaka wa marehemu. Maamuzi yaandikwe, na waliohudhuria watie sahihi.

Pili, aliyependekezwa hupeleka maombi Mahakama ya Mwanzo, pamoja na cheti cha kifo na maandishi ya kikao. Mahakama hiyo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu.

Tatu, mahakama hutoa tangazo. Mwenye pingamizi aende akaseme siku iliyopangwa. Kunung'unika kilabuni hakusaidii kitu.

Nne, hakimu humteua msimamizi. Hapo ndipo matata huanza. Mtu hurudi kijijini akisema, "Mahakama imenipa mali ya kaka." Sivyo! Amepewa kazi, hakupewa mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kisha kuwagawia warithi haki yao. Kabla miezi 4 haijaisha, apeleke mahakamani orodha ya mali yote na madeni yote katika Fomu Namba 5. Baadaye atoe hesabu katika Fomu Namba 6. Akifuja mali, warithi waiombe mahakama imwondoe.

Na watoto wadogo je? Fungu lao litunzwe kwa faida yao: chakula, matibabu na shule. Kumlea yatima si kujitwalia ng'ombe wake.

Mila nazo zina mpaka. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua kwamba binti aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Basi ndugu, sasa tunajua kusoma. Tusitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ya mirathi kabla hatujaisoma yote.

MASWALI
1. Msimamizi amepewa nini na mahakama?
2. Orodha ya mali hupelekwa kabla ya miezi mingapi kwisha?
3. Msimamizi akifuja mali, warithi wafanye nini?