SOMO LA MWEZI: MZEE ALIYERUDI DARASANI

Soma kwanza: Warumi 11:13–24



Mara nyingi tukialikwa kujifunza Biblia husema, "Umri umekwenda." Basi tumwangalie Yeronimo, tunayemkumbuka kila tarehe 30 Septemba. Jina lake limo katika Kanuni ya 6 ya zile Kanuni 39 za Dini za Kanisa la Uingereza.

1. Alianza akiwa mtu mzima

Yeronimo alisoma Rumi akawa bingwa wa Kilatini. Yapata mwaka 375, akiwa karibu na miaka 30, alikaa ugenini katika jangwa la Shamu, karibu na Chalcis. Alisumbuliwa sana na mawazo mabaya. Ili kuyashinda, alimwomba mtawa mmoja, Myahudi aliyekuwa Mkristo, amfundishe Kiebrania.

Mtaalamu huyo akarudi kwenye alfabeti kama mtoto: herufi 22, zinazosomwa kutoka kulia. Tena siku zile vokali hazikuandikwa. Ni kama sisi tungeandika "kt", msomaji ajue mwenyewe kama ni kata, kiti au kuta. Mwenyewe aliandika kwamba mara nyingi alikata tamaa, akaacha, kisha akaanza tena.

2. Alikubali kufundishwa na Myahudi

Mwaka 386 alihamia Bethlehemu. Huko alimlipa mwalimu Myahudi, Baranina, aliyekuja usiku kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake, kama Nikodemo alivyomwendea Bwana. Wakristo nao walimlaumu Yeronimo kwa urafiki huo. Lakini Agano la Kale la Kilatini la siku zile lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kiyunani, nacho Kiyunani kutoka Kiebrania. Habari ikipita midomo miwili, mwenye busara humtafuta aliyeisema kwanza. Toka yapata mwaka 390 hadi 405 alitafsiri vitabu vya Kiebrania, na Kanisa la Magharibi likavitumia kwa zaidi ya miaka 1000.

Sisi Waswahili tumerahisishiwa kidogo, maana Kiarabu, kilichotupa maneno mengi, ni ndugu wa Kiebrania. Damu yetu kwao ni *dam*, malaika ni *malakh*, roho ni *ruakh*. Hilo la mwisho ni pia upepo na pumzi. Ukilijua, utaisoma Ezekieli 37 kwa macho mapya.

3. Onyo kwetu

La kusikitisha ni kwamba Yeronimo huyo huyo aliandika maneno makali juu ya Wayahudi. Alikula mezani pao, kisha akawatukana. Mtume Paulo anatuonya kwamba tawi lisijisifu juu ya shina linalolichukua. Wayahudi si watu wa vitabu vya kale tu; hata leo huomba kwa Kiebrania, na kila Sabato husoma Torati katika masinagogi yao. Anayetaka kuijua imani yao na awasikilize wao wenyewe, kwa heshima na shukrani.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni jambo gani la Biblia umeacha kujifunza kwa kuona haya ya umri?
2. Je, waweza kufundishwa na mtu wa dini nyingine bila kumdharau wala kuiacha imani yako?
3. Katika mahubiri na mazungumzo yetu, twawataja Wayahudi kwa namna gani?