Matembezi ya Mafunzo Mwishoni mwa Kipupwe: Maoni Kutokana na Kisiwa cha Mafia

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya jiografia mwanafunzi husoma kwamba mwaka una majira manne, na kwamba watu wa Ulaya, baridi inapokaribia kwisha, hutoka majumbani mwao wakatembea vilimani na misituni. Mwaka mmoja nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la 5 katika shule mojawapo kisiwani Mafia, nikimsimamia mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Baada ya kusomewa habari hizo, mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, na sisi tunatoka lini?" Darasa likacheka. Mwanachuo naye akacheka, kisha akaendelea na somo.

Swali lile halikustahili kuchekwa. Mtoto alikuwa ameuliza kama nchi yake nayo ina majira yanayofaa kusomwa. Jibu lipo: sisi hutoka mwishoni mwa kipupwe. Makala hii inakusudia kumweleza mwalimu majira na saa zinazofaa kwa matembezi ya mafunzo, namna ya kuyaandaa, na namna ya kuyafundisha bila kuwanyima watoto furaha yake. Mifano imetolewa Mafia, lakini mwalimu yeyote wa mwambao ataweza kuitumia mahali pake.

Kwa nini mwishoni mwa kipupwe?

Mvua za masika hupungua kisiwani kuanzia mwishoni mwa Mei. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ya kipupwe: hewa huwa ya baridi kuliko wakati mwingine wa mwaka, na pepo za kusi huvuma kwa nguvu hata vyombo vidogo vikapata taabu kuvuka baina ya visiwa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti kusi hulegea. Njia zimekwisha kukauka, jua halijawa kali, na mvua za vuli bado hazijaanza. Muhula wa pili nao umekwisha kushika kasi; mwalimu amekwisha kuwajua wanafunzi wake, nao wamemzoea.

Basi mwalimu anazo wiki chache za hali nzuri ya hewa. Akizikosa, atangoja mpaka mwaka mwingine, na watoto watasoma tena habari za mikoko katika picha, ilhali mikoko yenyewe i hatua chache kutoka darasani. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Onyo hilo lingali linatuhusu.

Kosa langu mwenyewe

Kabla ya kutoa kanuni, sina budi kukiri kosa langu, kwa kuwa lilinifundisha kuliko vitabu vya mbinu nilivyosoma chuoni. Mimi na mwanachuo tuliandaa matembezi katika ufuko mmoja wa Ghuba ya Chole. Tulikwenda wenyewe kwanza kuikagua njia, siku ya mwezi mpevu, saa 4 asubuhi. Maji yalikuwa yametoka mbali sana. Tulivuka mkondo mmoja mdogo pasipo kulowa miguu, tukafika kwenye mikoko, tukarudi tumeridhika. Tukaandika katika andalio la somo: kuondoka saa 3, kurudi saa 5 na nusu.

Kisha shughuli za shule zikatuchelewesha siku 12. Hatukubadili chochote katika andalio ila tarehe. Tulipofika mkondoni siku hiyo, maji yalikuwa ya vifundo vya miguu. Watoto wakafurahi kuyarukia. Tulikaa kwenye mikoko zaidi ya saa nzima. Wanawake waliokuwa wakichokoa pweza walikuwa wamekwisha kuondoka, na sikujiuliza kwa nini. Mmoja wao, bibi wa makamo, akatupigia kelele kutoka nchi kavu: "Mwalimu! Rudisheni watoto! Maji yanajaa!"

Tulipourudia mkondo, maji yalikuwa yamewafikia watoto wadogo vifuani. Tulishikana mikono, watu wazima upande wa chini wa mkondo, tukavuka polepole. Hakuna aliyeumia. Viatu na madaftari kadhaa yalichukuliwa na maji, na mtoto mmoja alilia njia nzima. Bibi yule hakunigombeza. Aliniambia kwa upole, "Baba, umetazama saa ya mkononi. Hukuuliza leo mwezi ngapi."

Ilikuwa mwezi 27. Kila mtoto mle darasani aliweza kunijibu swali hilo, kwa kuwa nyumbani kwao tarehe za mwezi wa Kiislamu huhesabiwa kila siku. Mimi mwenye stashahada sikuwauliza.

Kanuni ya maji

Kila mwalimu wa mwambao yampasa kuijua kanuni ifuatayo kabla ya kuwatoa watoto. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Sababu ni kwamba mwezi huizunguka dunia, na kila siku huchelewa kiasi hicho kurudi juu ya mahali palepale.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Hapo huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, yaani karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi, huwa maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hufikia mwisho wa kupwa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Siku hizo ndizo zifaazo kwa darasa. Bamvua za karibu na Septemba na Machi ni kubwa kuliko nyingine, jambo linalozidi kuufanya mwisho wa kipupwe kuwa wakati mwafaka.

Sasa kosa letu linaeleweka kwa hesabu ya darasa la 5. Siku 12 mara dakika 50 ni dakika 600, yaani saa 10. Maji yaliyokupwa saa 4 asubuhi siku ya ukaguzi, siku ya matembezi yalikupwa karibu saa 2 usiku. Kupwa kwa kabla yake kulitukia yapata saa 12 na dakika 25 nyuma, ndiyo kusema karibu saa 1 na nusu asubuhi. Tulipoondoka shuleni saa 3, bahari ilikuwa imekwisha kugeuka.

Maandalizi

Kutokana na hayo, napendekeza mwalimu afuate hatua hizi:

1. Achague shabaha moja tu. Matembezi yenye shabaha sita hayana hata moja.

2. Aikague njia mwenyewe, katika tarehe ya mwezi inayolingana na ile ya matembezi. Siku ikiahirishwa, ahesabu upya, kisha athibitishe kwa jedwali za maji za bandari na kwa wavuvi wa mahali hapo.

3. Apate ruhusa ya mwalimu mkuu, wazazi na serikali ya kijiji. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Chole na visiwa vyake imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa hiyo wahifadhi nao wajulishwe. Watoto waelezwe mapema kwamba hawatavunja matumbawe, hawatakata mikoko wala kubeba viumbe hai. Watachora.

4. Agawe vikundi vya watoto 6 hadi 8, kila kimoja na mtu mzima. Mmoja wa watu wazima awe mwenyeji anayeijua bahari. Pawe na maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, na viatu vya kukingia miiba na mawe makali.

5. Darasa liingie ufukoni maji yakiwa bado yanatoka, na lianze kurudi mara yanapogeuka. Saa ya kurudi haiongezwi, hata kama somo limenoga.

Mfano wa somo: darasa la 5

Shabaha: mwanafunzi aweze kueleza jinsi mikoko inavyoishi katika matope na maji ya chumvi.

Kituo cha kwanza ni ukingoni mwa mikoko. Mwalimu asianze kwa kuhutubia. Atoe swali moja: "Mizizi ya miti hii inafanana?" Watoto watatawanyika kutafuta. Wataona mkoko wenye mizizi iliyopinda na kusimama juu ya matope kama miguu. Wataona mchu, ambao mizizi yake huchomoza wima kama penseli. Na msinzi, wenye mizizi kama magoti. Ndipo mwalimu aeleze kwamba matope hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo mizizi hiyo huitafuta juu. Kisha kila mtoto alambe kidogo jani la mchu. Atakapoonja chumvi atakuwa amejifunza, bila kuandikiwa ubaoni, kwamba mti huo huitoa chumvi kupitia majani yake. Mwisho waoneshwe mbegu ndefu za mkoko, ambazo huota zikiwa bado zinaning'inia mtini, tayari kwa kuanguka na kushika matope.

Kituo cha pili ni uwandani, mahali maji yalipotoka. Hapa kila kikundi kisimike fimbo yenye alama za sentimeta na kuandika kimo cha maji kila baada ya dakika 10. Fimbo hiyo ni zana isiyogharimu kitu, nayo ndiyo mlinzi wa darasa: kimo kikianza kupanda, wote wanarudi.

Kituo cha tatu ni kivulini, nchi kavu. Watoto wale mihogo waliyobeba, waimbe, wakimbizane mchangani. Baadhi ya wanachuo wetu huona haya kuandika "mapumziko na michezo" katika andalio la somo, wakidhani msimamizi ataona wanapoteza wakati. Waandike. Mtoto aliyefurahi hulikumbuka somo, tena hurudi ufukoni na wenziwe kulitazama upya.

Katika matembezi ya pili, baada ya kosa lile, alikuwapo kijana mmoja ambaye darasani alikuwa hasemi. Kwenye mikoko aliwatajia wenzake mkandaa, mkomafi na mlilana, akaeleza upi hufaa kwa nguzo za nyumba na upi kwa mataruma ya chombo, kama alivyofundishwa na babu yake. Mwanachuo alikuwa na busara ya kunyamaza na kumwacha afundishe. Nilimpa mwanachuo alama nzuri kwa ukimya huo.

Matembezi ya historia

Walimu wa historia wanayo magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani. Huko zipo kuta za jumba kubwa, nyumba na misikiti zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zikiwa zimepasuliwa na mizizi ya miti. Mapokeo yanasimulia uadui baina ya watu wa Kua na wa Kisimani, na yanaeleza kwamba mji uliangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo pana nafasi nzuri ya kumfunza mtoto kutofautisha masimulizi na ushahidi. Aulizwe: "Ukuta huu unatuambia nini, na nini hauwezi kutuambia?" Mji wa Kisimani wenyewe umeliwa na bahari kwa sehemu kubwa, hilo nalo ni somo. Safari ya Juani huhitaji chombo, basi ingojee kusi litulie, na idadi ya watoto isizidi uwezo wa chombo na wa maboya ya kujiokolea.

Baada ya matembezi

Matembezi yasiyorudi darasani ni starehe tu. Kesho yake vikundi vichore grafu ya vimo vya maji, viandike maelezo mafupi ya mti mmoja, na visome kazi zao mbele ya darasa. Kwa wiki mbili zinazofuata, watoto wanaoishi karibu na ufuko waandike saa ya maji kupwa ubaoni kila siku, huku wakiwa nchi kavu. Wataiona wenyewe ile tofauti ya dakika 50.

Darasa letu lilifanya hivyo. Mwaka uliofuata halikungoja mwalimu apange siku. Lilihesabu lenyewe na kuchagua mwezi 16. Niliwaomba wampelekee bibi yule hesabu yao. Aliisikiliza, akahesabu kwa vidole vyake, akasema, "Mmepatia. Hata mimi siku hiyo nitakuwa pwani." Akaja, akatembea nasi.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, mtoto aliyeuliza "Na sisi tunatoka lini?" yumo katika kila darasa, hata kama hasemi. Mpe jibu lenye tarehe na saa. Tembea njia kabla yake, uliza wenyeji, uliza machache na usikie mengi. Kipupwe kinapokwisha, bahari hujitoa na kuacha ubao mpana kuliko wowote ulio shuleni. Lililobaki ni kujua ni saa ngapi itakuja kuufuta.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Ufuko wa mahali pako hukupwa saa ngapi siku ya mwezi 1? Eleza ulivyopata jibu.

2. Andaa somo la hisabati la dakika 40 kwa kutumia vimo vya maji vilivyoandikwa na wanafunzi.

3. Ni maarifa gani waliyo nayo wazazi wa wanafunzi wako ambayo wewe huna? Utayaleta vipi darasani?