Pancha Barabarani: Tulia Kwanza, Spana Baadaye

Dereva wa pikipiki akipata pancha, hatari kubwa iko kwenye zile sekunde chache anapokanyaga breki kwa hofu. Hasara kubwa huja baadaye, anapoendelea kutambaa juu ya tairi tupu akimtafuta fundi. Yote mawili huzaliwa na haraka, na anayeshawishika zaidi kuharakisha ni dereva wa bodaboda anayewaza hesabu ya tajiri jioni. Makala haya ni yake kwanza, na ya yeyote anayesafiri kwa pikipiki mbali na mji.

Tairi la nyuma likiishiwa upepo, utausikia mkia wa pikipiki ukiyumba huku na huku. La mbele likiisha, usukani huwa mzito na kuvuta upande mmoja, nayo ni hatari zaidi. Shika usukani kwa uthabiti bila kukakamaa, achia mafuta taratibu, acha injini yenyewe ipunguze mwendo. Usitumie breki ya gurudumu lenye pancha, kwa sababu tairi lisilo na upepo likibanwa huweza kuteleza juu ya ringi au kuchomoka kabisa. Nyuma pameisha, gusa breki ya mbele kwa wepesi. Mbele pameisha, kanyaga ya nyuma. Abiria akae kimya katikati ya kiti, asiruke, asiegemee upande.

Kabla ya kuelekea pembeni, tazama nyuma. Basi linaweza kuwa mgongoni, na kona ya ghafla ukiwa na tairi tupu ni mwaliko wa kuanguka mbele yake. Tanzania, Kenya na Uganda unatokea kushoto. Ukivuka kuingia Burundi, Rwanda au Kongo, unatokea kulia. Toka kwenye lami kabisa, na kama umesimama penye kona au juu ya kilima ambapo wanaokuja hawakuoni, sukuma pikipiki mpaka mahali peupe ndipo ufungue mfuko wa spana. Desturi ya madereva wa malori ya kuweka matawi barabarani ni nzuri, ilimradi uyaweke mbali vya kutosha nyuma yako, hatua hamsini au zaidi, na uyaondoe ukimaliza. Matawi yaliyosahaulika usiku huwa ajali ya mtu mwingine.

Usiku, acha kutengeneza gizani. Sukuma hadi penye taa na watu, hata kama ni mwendo. Abiria mtafutie usafiri mwingine umwone akipanda, hasa akiwa mwanamke au mtoto. Kumwacha njiani kwa sababu safari imekatika ni kosa ambalo nauli haiwezi kulifidia. Na ziko sehemu ambazo hata mchana hupaswi kujitanua. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na tembo, nyati na simba wako humo. Tairi likiisha hapo, usiingie kichakani kutafuta kivuli wala usianze safari ndefu ya kusukuma peke yako. Kaa kando ya lami palipo wazi, simamisha lori au pikapu yenye nafasi, pakia pikipiki mkatoke wote.

Ukishakuwa salama, swali la kwanza ni aina ya tairi. Pikipiki nyingi za biashara, zile za cc 100 hadi 150 zenye ringi za spoku, zina tyubu ndani. Tyubu ikitobolewa, upepo hutoka upesi kupitia tundu la valvu na matundu ya spoku. Tairi lisilo na tyubu, lenye ringi za kumimina, huvuja taratibu kwa sababu msumari wenyewe huziba tundu. Kwenye hilo, usiuchomoe msumari mpaka uwe na kizibo mkononi, maana likijazwa upepo linaweza kukufikisha kwa fundi.

Kwenye tairi la tyubu huna bahati hiyo. Shusha abiria, shusha mzigo, usukume. Ukiendesha, tairi huteleza juu ya ringi na kuvuta shingo ya valvu mpaka ikatike, na tyubu husagwa kati ya ringi na lami. Tundu la msumari mmoja ambalo kiraka kingelimaliza linageuka tyubu mpya, pengine na tairi jipya, na ringi iliyopinda juu yake.

Kama una vifaa, kazi yenyewe haihitaji karakana. Beba tairi liva mbili, viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu ya mkono, na spana zinazotosha nati za pikipiki yako. Zijaribu nyumbani, kwa sababu spana isiyoingia utaigundua mahali pabaya. Zungusha gurudumu polepole ukimtafuta adui. Katika barabara zetu mara nyingi ni msumari, mwiba wa mgunga ukiwa Dodoma, Singida au Shinyanga, au kile kinachosahaulika zaidi: waya mwembamba wa chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka na kuachwa pembeni. Waya huo hauonekani kwa urahisi. Ukimpata adui, tia alama mahali alipo kabla ya kumng'oa.

Alama hiyo inaweza kukuokoa kufungua gurudumu zima. Toa upepo wote, legeza nati ya valvu, ukanyage ukingo wa tairi mpaka uachie ringi, kisha inua upande mmoja tu kwa liva karibu na alama na uvute tyubu nje pale pale. Mafundi wazoefu hufanya hivyo kila siku. Tumia liva zenye ncha butu, ukiinua kidogo kidogo. Bisibisi huchubua ringi na kuitoboa tyubu upya.

Jaza tyubu upepo kidogo usikilize. Penye maji, tazama mapovu. Pasipo maji, ipitishe karibu na shavu, utausikia upepo. Kagua pia upande wa pili wa tyubu, kwa sababu msumari mrefu hutoboa mara mbili, na wengi huziba tundu moja wakarudi kulalamika. Piga msasa eneo pana kuliko kiraka, futa vumbi, paka gundi nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki. Iache dakika tano hivi mpaka ising'ae, ndipo ukibandike na kukikandamiza kutoka katikati kwenda kingoni.

Wakati gundi inakauka, pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi. Kitanasa kwenye waya au kipande cha mwiba kilichobaki, na vidole vyako vitapona. Ukiruka hatua hii, kiraka kizuri kitatobolewa kabla hujafika kijiji kinachofuata.

Kurudisha, ipe tyubu upepo kidogo isijikunje, anza kuingiza ukingo wa tairi upande ulio mbali na valvu umalizie penye valvu, ukisukuma valvu juu kwanza ili tyubu isibanwe. Jaza upepo, kisha zungusha gurudumu ukitazama ule mstari mwembamba ulio kwenye ubavu wa tairi karibu na ringi. Umbali wake kutoka kwenye ringi uwe sawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo uanze upya.

Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki na mara nyingi kwenye kibandiko chake. Pikipiki nyingi za aina hii huhitaji takriban psi 25 mbele, na nyuma kuanzia 28, ikipanda ukibeba abiria au mizigo. Wengi hupima kwa kidole gumba. Mwombe fundi geji. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto, hupasuka ubavuni, na husogea juu ya ringi.

Tairi kipara nalo libadilishe, kwa kuwa kashata zikiisha hata mwiba mfupi hufika kwenye tyubu. Unaponunua jipya, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani miaka mingi huwa mgumu na kupasuka nyufa hata kama haujawahi kugusa barabara.

Baada ya kiraka, nenda kilomita chache kwa mwendo mdogo, simama, ubonyeze tairi. Kesho yake asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, pima tena na utazame valvu. Ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, tairi limeteleza. Toa upepo, nyoosha, jaza vizuri, ndipo uondoke.